Dirisha la Kijani la Madam Jaya

Sisi tuliokulia Kariakoo kabla simu hazijakabidhiwa watoto wa darasa la pili, saa tulizisoma kwenye milango na madirisha. Milango ya maduka ikivutwa juu kwa kelele, ni saa moja. Harufu ya mihogo ya kukaanga ikifika mtaa wa pili, shule imetoka. Na dirisha la kijani ghorofa ya tatu, kule mtaa jirani wa Mchafukoge, likifunguliwa, ni saa mbili kamili asubuhi na aliyelifungua ni Madam Jaya.

Madam Jaya alikuwa mjane wa Kihindu, mwalimu mstaafu, na sebule yake ndiyo ilikuwa darasa la twisheni ya Kiingereza. Mama yangu, Mchaga mwenye duka la jumla la ndoo na mabeseni, alinipeleka nikiwa darasa la sita. "Kiingereza hakiuzwi kwa dazeni, Aika," alisema. "Panda ngazi ukakitafute." Ngazi zile zilikuwa na giza hata mchana, zikinuka udi na bizari. Nilizihesabu kila nilipokwenda, kwa woga. Kupanda zilikuwa hamsini na mbili. Kushuka, hamsini na tatu. Sijawahi kupata hesabu iliyolingana.

Hakutufundisha kuandika kwa kutuandikisha. Alitusomesha kwanza. Ukurasa mmoja tuliusoma mara tatu: mara ya kwanza yeye anasoma sisi tumefumba macho, mara ya pili tunasoma kwa sauti, mara ya tatu kimya, kidole kikifuata mstari. Ndipo alipokuwa akisema, "Haya. Mifupa ya kitabu, nyama yako." Maana yake tuandike habari ileile kwa mpangilio uleule, ila watu na mahali viwe vya kwetu. Zuhura, rafiki yangu wa dawati moja, alisoma habari ya mtoto aliyejenga mtu wa theluji, akaandika ya mtoto aliyejenga mtu kwa barafu za ubuyu pale Mnazi Mmoja, nzi wakamla kabla ya adhuhuri. Madam alicheka mpaka akavua miwani.

Alhamisi moja tulisoma ukurasa wa mzee fundi wa saa katika mji wa baridi. Kila asubuhi hufungua dirisha lake. Siku moja dirisha halifunguki. Wapita njia wanatazama juu, kisha wanaendelea na safari zao. Ukurasa uliishia hapo. Mimi, kwa kutaka sifa, nikaandika mama mzee wa Kihindu, ghorofa ya tatu, dirisha la kijani. Niliposhtuka, kalamu ilikuwa imeshafika nukta.

Zuhura alichungulia. "We Aika! Umemuua Madam!"

"Nyamaza, bwana."

"Haki ya Mungu umemuua. Mfute!"

Nilikuwa nimeandika kwa wino. Madam alikusanya madaftari, akalitazama langu kidogo, akatabasamu. Sikulala siku mbili.

Jumamosi, siku ya twisheni iliyofuata, saa mbili asubuhi tulisimama chini. Dirisha lilikuwa limefungwa. Muuza kahawa alitazama juu, akaendelea kugonganisha vikombe vyake. Zuhura aliita, "Madaaam! Hodi!" Nyumba haikujibu. Ilionekana kama inatusikiliza.

"Tupande tumgongee," Zuhura alisema.

 Kama angekuwa hai angenicheka, na kama ndivyo nilivyoandika, sikutaka kuwa wa kwanza kuona. Nikasema, "Atakuwa amesafiri. Twende zetu rede."

Tukaenda. Tulicheza rede Mnazi Mmoja mpaka jua likatuchoma, na sijawahi kukwepa mpira vizuri kama siku ile.

Jumatatu majirani walivunja mlango. Walimkuta kwenye kiti chake, amefariki. Watu wazima walisema ni moyo, tena amekwenda kwa amani. Hakuna aliyesema ni siku gani, nami sikuuliza. Mpwa wake alituletea madaftari yamefungwa kwa uzi. La kwangu nililivalisha jalada la pili la kaki, nikalisukuma chini ya mabeseni stoo kwa Mama. Nikamaliza shule, nikamaliza chuo, bila kulifungua.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kufundisha twisheni, ghorofa ya nne, mitaa miwili tu kutoka pale. Watoto wangu wanazungumza Kiingereza cha katuni kwa kasi ya ajabu, lakini ukiwaambia waandike aya moja wanakutazama kana kwamba umewaomba figo. Mmoja aliniuliza, "Madam, simu si inamalizia yenyewe?" Nilijua dawa ni ule mtindo wa Madam Jaya. Nilihitaji kuona tena alivyokuwa akisahihisha. Nikaenda stoo.

Alikuwa amesahihisha mstari kwa mstari kwa peni nyekundu. Chini kabisa ameandika: Vizuri sana. Ila habari haijaisha. Kwa nini hakuna aliyepanda ngazi? Andika.

Kando ya alama ya vema, kama ilivyokuwa desturi yake, ameandika siku aliyosahihisha. Jumamosi.

Nimetafuta kila maelezo. Labda alikosea siku. Labda alisahihisha alfajiri, akafariki kabla hatujafika. Labda. Lakini huenda pia, wakati Zuhura anaita, alikuwa kwenye kiti hicho, nyuma ya dirisha alilokosa nguvu za kulifungua, daftari langu mapajani, akitusikia tukienda.

Sasa nafundisha kwa mtindo wake. Mlango siufungi kwa komeo, na mtoto asipofika napanda mwenyewe hadi kwao. Swali lake nimewapa wanafunzi wote, wamelijibu. Mimi naandika mstari mmoja, naufuta.

Nyumba yake ilibomolewa zamani. Pale pamesimama ghorofa la vioo, refu, zuri, lenye ubaridi wa kiyoyozi. Sisi tulijua nani hajaamka kwa kutazama juu tu, hata kama tulipita. Watoto wa leo wakitazama juu wanajiona wenyewe kwenye kioo. Madirisha ya Kariakoo sasa yamefungwa yote, hata ya walio hai.