Saini ya Keinan Iliyokataliwa

Nafiso Olow ana hoteli ya chakula mtaani Waberi, mjini Garissa, ambapo madereva wa malori ya Mandera hula anjera na supu ya mbuzi kabla ya kushika njia. Si mtu wa kubishana na wateja. Lakini mwaka jana alibishana na kampuni nzima, na chanzo kilikuwa kadi inayoenea kiganjani.

Kadi hiyo ilikuwa na picha ya Keinan, mtoto wa marehemu dadake, ambaye Nafiso alimlea tangu anatambaa. Siku hizi Keinan anacheza mpira Uswidi. Huko, wachezaji huchapishwa kwenye kadi, na watu wazima wenye kazi zao huzinunua, wakabadilishana na kuzifungia kabatini kama hatimiliki za mashamba. Alipokuja nyumbani kwa Idd, alimletea Nafiso moja.

"Habaryar, hii ni yako," alisema, kwa jina ambalo Wasomali humwitia mama mdogo.

Nafiso akampa kalamu ya kuandikia oda. Keinan akasaini palepale kwenye kaunta huku anatafuna sambusa, herufi ya kwanza ikilala upande kama alivyoiandika tangu shule ya msingi. Kadi ikawekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani.

Shida ilianza na Sakariye, muuza simu wa duka la jirani. Yeye ndiye aliyekuwa mkusanyaji pekee wa kadi hizo mjini, na kwa hivyo ndiye pia aliyekuwa mtaalamu pekee. Aliitazama ile saini kwa muda, chai yake ikipoa.

"Mama Nafiso, hii ina cheti?"

"Cheti cha nini? Ameandika hapo ulipoweka kikombe."

"Mimi nakuamini. Lakini bila kampuni kuithibitisha, hiyo ni kadi iliyochorwachorwa tu."

Maneno hayo yalimkera, na yakaenea haraka. Kufikia Ijumaa, hata wateja waliomwona Keinan akisaini walikuwa wanainamisha vichwa mbele ya fremu na kuguna.

Nafiso alianza kwa wakili. Wakili alimkaribisha vizuri, akasikiliza, kisha akachukua muhuri wa kuthibitisha kwamba nakala ni sawa na asili yake, akaulenga uso wa Keinan. Nafiso aliinyakua kadi mezani.

"Sasa nitagonga wapi?" wakili aliuliza, muhuri ukiwa bado hewani.

Ikabidi kadi iende kwa kampuni ya ng'ambo inayothibitisha saini, iliyokuwa na wakala Nairobi. Sakariye alisaidia kuifunga, na basi la vifurushi likaichukua. Wiki zikapita. Hatimaye wakala akapiga simu, kijana mwenye sauti ya upole.

"Mama, pole. Saini imekataliwa. Wataalamu wanasema haifanani na saini za Keinan walizo nazo."

"Mimi nilikuwa hapo. Nimeona na macho yangu."

"Sawa mama, lakini wao hawakuona."

"Na hizo nyingine, walimwona nani akiziandika?"

Wakala akasema hilo atauliza.

Nafiso akampigia Keinan Uswidi. Kijana alicheka mpaka akashindwa kuongea.

"Habaryar, kadi zinaletwa klabuni kwa maboksi, na mimi niko mazoezini. Binti wa ofisini ndiye anayezisaini. Ana mwandiko mzuri sana."

"Kwa hivyo wewe ndiye bandia?"

"Inaonekana hivyo."

Keinan hakupenda habaryar wake aitwe mwongo. Alijirekodi video akisaini jina lake na kuituma kwa kampuni, pamoja na picha ya pasipoti yake. Jibu lilikuja siku ileile. Wataalamu walishukuru, wakaeleza kwamba saini ya kwenye video nayo haikufikia kiwango, na kuhusu ile ya pasipoti wakamshauri awe mwangalifu, maana siku hizi waghushi ni wengi.

Mwishowe Keinan alimwomba binti wa ofisini asaini kadi moja, wakaituma wao wenyewe kwa kampuni. Ilifika Garissa ndani ya kisanduku cha plastiki kigumu, ikiwa na namba na nembo inayong'aa. Sakariye aliipokea kwa mikono miwili.

"Hii sasa ndiyo kitu," alisema.

"Chukua," Nafiso akamwambia. "Itundike dukani kwako. Yule binti simjui."

Sakariye aliitundika, na watu huenda kuitazama kwa heshima. Kadi ya Nafiso ilirudi kutoka Nairobi ikiwa na kibandiko chekundu cha kukataliwa mgongoni. Aliirudisha kwenye fremu, na mteja akiguna, Nafiso humwuliza kama ameshiba.

Keinan alikuja tena mwezi uliopita. Alikuwa amekaa hotelini anakula, dereva mmoja wa lori la kwenda Lafey akamletea mpira, akamwomba kwa heshima ausaini.

Keinan alifuta mikono. "Unataka saini yangu, ama unataka ile halisi?"

Dereva alifikiria. "Nipe halisi, ndugu yangu."

Keinan akainama juu ya mpira na kuandika polepole, akijaribu kukumbuka jinsi yule binti anavyoikunja ile herufi ya kwanza. Nafiso alimwangalia kutoka jikoni, akatikisa kichwa, akamwongezea supu.