Aliyetengeneza Kitufe cha Kusambaza

Miaka ile ya mwanzo ya mtandao wetu wa kijamii, mimi na mwenzangu mmoja tulikaa meza jirani pale Palo Alto, California, na sikuwahi kumwona amevaa viatu ofisini. Kitufe cha kusambaza habari alikitengeneza yeye. Kila asubuhi alifungua ramani ya dunia kwenye kompyuta, akatazama vidoa vya mwanga vya watumiaji wapya vikiongezeka, akaniita kwa sauti ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga: "Njoo uone, bwana! Watu wote wakishaongea, watagombania nini tena?" Nikimtania, "Leo umeokoa wangapi, mchungaji?" alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Miaka mingi baadaye alialikwa kuzungumza kwenye maktaba ya mji wa Stockton, nami nikamsindikiza. Alipomaliza, mama mmoja aitwaye Rosalba Quintero alisimama. "Mwanangu alikuwa mwalimu wa muziki," alisema. "Watu walisambaza picha yake kwa kitufe chenu, wakidai anaiba watoto. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa nayo. Wakamvamia kwenye kituo cha mafuta, wakampiga mpaka akafa."

Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Sasa niambie, baba. Ulipokitengeneza kitufe kile, hukumfikiria mwongo hata mmoja?"

"Hapana, mama," alijibu mwenzangu. "Hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria."

Nilidhani mama yule atamtukana. Aliketi taratibu na kushika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu," alisema. "Mimi nilidhani waliokitengeneza walijua waongo watakitumia."