Redio ya Baba, Betri za Mzee Bilali

Enzi zetu pale Ujiji, kocha wa timu ya taifa alikuwa yeyote mwenye mdomo. Kikosi kilipangwa uwani kwetu, chini kwenye mchanga, na wachezaji walikuwa kokwa za chikichi. Sisi watoto ndio tuliozikusanya mama alipomaliza kukamua mawese, tukazisugua mpaka zing'ae, tukampelekea baba ndani ya kopo la maziwa. Wanaume walichuchumaa, kila mmoja akapanga kikosi chake: kipa, mabeki, viungo, washambuliaji. Redio ikitangaza majina, aliyekosea ilimpasa kuiondoa kokwa yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu. Nimewaona watu wazima wakiiondoa kokwa moja kwa uchungu kama wanang'olewa jino.

Vijana wa leo wanapanga kikosi kwenye simu, kwa kidole kimoja, wamelala chali. Ukimuuliza kwa nini kamweka fulani pembeni, anakujibu, "Takwimu zinasema, mama." Sisi hatukuwa na takwimu. Tulikuwa na sauti, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa na hoja.

Redio ilikuwa ya baba, fundi baiskeli aliyeteremka kutoka Kasulu akiwa kijana na asirudi tena. Betri zilikuwa za Mzee Bilali, muuza mawese, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta mfupi wa tofali za udongo. Ndivyo walivyokubaliana tangu mimi sijazaliwa. Miaka ile betri zilikuwa adimu madukani, lakini Mzee Bilali alikuwa na ndugu waliovuka ziwa kwa boti, na hawakurudi mikono mitupu. Siku ya mpira alikuja nazo zimefungwa kwenye leso, akazitia mwenyewe, na mpira ukiisha alizitoa na kwenda nazo kwake. Hata taarifa ya habari baba aliisikiliza jirani akiwepo tu. Hakuna aliyeona ajabu.

Binti yake, Zaituni, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikula sahani moja, ugali wa muhogo na samaki wa mawese, vidole vikawa vya rangi ya machungwa mpaka mwalimu anatufukuza tukanawe tena. Tulikuwa wasichana wawili pekee tulioruhusiwa kukaa kwenye vikao vile, kwa sababu bila sisi hapakuwa na kokwa.

Sasa, alikuwepo kijana mmoja wa Kasingirima aliyeitwa Mgebuka. Mgebuka ni samaki wa ziwa letu, na jina hilo alipewa kwa wembamba na wepesi wake. Akikupita, hushiki kitu. Alijifunzia mpira kwenye mchanga wa ufukweni, akacheza timu za mjini, na mwaka huo akaitwa timu ya taifa. Ujiji nzima ilimdai kuwa ndugu. Mzee Bilali ndiye aliyekuwa ndugu kweli, kwa upande wa shangazi yake.

Mechi ya kwanza, ugenini, tulitoka sare, na Mgebuka alikaa benchi. Wiki moja kabla ya marudiano, baba alipanga kikosi chake uwani, akakung'uta mikono, akaegemea kigoda.

"Baba Neema," Mzee Bilali akasema, "umesahau mtu. Kushoto huku mbele hakuna kitu."

"Sijasahau. Nimejaza kiungo wa kukaba. Mgebuka anakaa benchi."

"Benchi?"

"Hakabi. Akipanda harudi. Beki wa kushoto anabaki peke yake, analia."

"Wewe mtu wa milimani, mpira umeujulia wapi? Kwenu huko ukidondokea bondeni, si mnaufuata na chakula cha njiani?"

"Na nyie wa pwani ya ziwa nani kawafundisha kukaba, dagaa?"

Watu walicheka, na hapo ndipo palipoharibika. Laiti wasingecheka! Mzee Bilali alisimama, akafungua redio mgongoni habari zikiwa zinasomwa, akatoa betri zake. Msomaji akakatwa katikati ya neno. Akazifunga kwenye leso na kwenda zake bila kuaga.

Wiki ile baba alianza kuzunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya mlango wa jirani. Mzee Bilali naye alikohoa kwa nguvu kila aliposikia sauti ya baba, kama mtu anayefukuza kuku. Mama na Mama Zaituni waliendelea kupitishiana mabakuli juu ya ukuta, na kila mume akala chakula cha nyumba ya pili akijifanya hajui kimepikwa wapi. Mama alichoka, akamwambia baba, "Timu yenyewe haiwajui hata majina, nyie mnanyimana salamu!"

Mimi na Zaituni tuliogopa kweli. Hatukuogopa timu kufungwa, hilo tulilizoea. Tuliogopa kwamba siku moja mmoja wa wazee wetu angeongeza tofali juu ya ule ukuta. Tulikaa pale kila jioni, huyu upande huu na yule upande ule, tukiwalaani makocha wote duniani.

Siku ya mechi watu walijaa uwani kama kawaida, wengine kutoka Bangwe, wakiamini wakubwa wamekwisha kupatana. Baba kwa kiburi chake hakuwaambia kitu. Asubuhi alikuwa ameokota betri kuukuu kwenye karakana yake, akaziuma kwa meno, akazianika juu ya bati zipate jua. Mchana akazitia kwenye redio. Ikaamka! Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyefunikwa blanketi, lakini ilikuwa sauti. Tukainamisha vichwa wote. Mtangazaji akaanza kusoma kikosi cha taifa: kipa, mabeki, viungo. Kokwa ziliondolewa kimyakimya. Akafika kwa mshambuliaji wa kati. Akasema, "Na kwenye wingi ya kushoto leo anaanza..."

Redio ikafa.

Nimehudhuria misiba yenye kelele kuliko ua ule. Baba aliipiga redio kofi mgongoni, akaipuliza, akaibembeleza. Wapi! Ndipo tukasikia kishindo upande wa pili. Mzee Bilali alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta akisikiliza tangu mwanzo, na sasa aliuruka, kanzu ameishika mkononi, leso ameibana kwa meno.

"Msiniangalie!" akafoka. "Nimekuja kwa ajili ya wingi ya kushoto tu."

Akatia betri zake. Redio ikanguruma, lakini majina yalikuwa yamekwisha na mpira umeanza. Ikabidi tusubiri mpira uende kushoto, na siku hiyo, sijui kwa nini, kila kitu kilipita kulia. Hatimaye mtangazaji akapaza sauti: pasi ndefu upande wa kushoto, anaipokea Mgebuka! Uwani hapakukalika. Mama alitoka jikoni na mwiko. Mzee Bilali alilia waziwazi, machozi ya mtu mzima, na baba akampisha kigoda chake akae.

Kisha tukafungwa, na tulifungwa kupitia kushoto. Mgebuka alikuwa amepanda, hakurudi, beki akabaki peke yake kama baba alivyosema. Watu wote wakageuka kumtazama baba. Baba alikuwa akiangalia miguu yake.

"Sema basi," Mzee Bilali akamwambia.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakwambia sema! Ukinyamaza unaniudhi zaidi."

"Hakabi," baba akasema taratibu.

"Ego, hakabi," Mzee Bilali akajibu kwa Kiha, lugha ya baba aliyokuwa akiitania miaka yote. "Lakini kosa ni la kiungo, alitakiwa kufunika."

Wakaanza upya, kokwa zikarudi mchangani, na timu ikatolewa mashindanoni bila wao wawili kuwa na habari. Mpaka magharibi walikuwa bado wanabishana. Mimi na Zaituni tulishikana mikono tukacheka mpaka tumbo likauma.

Wazee wale wote wawili tumekwisha kuwazika. Sasa mimi na Zaituni ndio watu wazima. Yeye anaishi Bangwe, mimi nimebaki Ujiji. Kila mmoja ana televisheni yake, king'amuzi chake, simu yake. Tuna pia grupu la WhatsApp la mashabiki wa timu ya taifa, Zaituni ndiye mkuu wake. Wiki iliyopita niliandika kwamba kocha ana haki ya kuanza na mabeki watano. Akaniita mwoga. Nikaanza kumweleza, na kabla sijamaliza akanitoa kwenye grupu. Amebonyeza mara moja tu, basi. Hakuna aliyeruka ukuta, kwa sababu hakuna anayehitaji kitu cha mwenzake. Nimekaa siku kadhaa na televisheni kubwa kama mlango, nikiwa sina mtu wa kugombana naye, na imeniuma kuliko nilivyodhani.

Leo jioni timu inacheza. Televisheni yangu nimeizima. Nimejifunga kanga, nimevaa kandambili, naelekea Bangwe. Zaituni akifungua mlango sitaomba radhi, na sitamwamkia. Nitaanzia pale pale aliponikatiza: mabeki watano, na sababu zangu zote.