Viatu vya Kuandikia

Bi Ghania hakuandika habari za marehemu akiwa peku. Alikuwa na jozi ya viatu vyeusi ambavyo havikuwahi kukanyaga barabara. Vilikaa chini ya meza yake ya kuandikia, wakati sisi wageni tulivua vyetu mlangoni.

"Mtu yumo safarini anarudi kwao," aliniambia. "Nimsindikize kama nimetoka kuoga?"

Aliondoka Unguja na mumewe akiwa msichana, akaishi Dubai mpaka umri wa miaka tisini na moja. Kila alipokufa mtu wetu, awe Mtanzania au Mkenya, Mwislamu au Mkristo, yeye aliandika wasifu wake, ukurasa mmoja, nasi tukausambaza kwenye simu ili watu wachangie kumrudisha kwao. Maneno ya kuomba hakuyaweka. Alieleza tu marehemu alipenda chai ya namna gani, alitaniana na nani. Watu walitoa.

Kisha akafa Elias, mfagiaji wa ghala kule Jebel Ali. Bi Ghania alimsifu: miaka tisa na ufagio wake, hakukosa zamu hata moja. Ukurasa ulifika kwao kabla ya jeneza, ukasomwa kwa sauti matangani. Mama yake alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe ni karani, maana ndivyo Elias alivyomwambia. Yule mama alituma ujumbe mmoja tu: "Mngeniuliza."

Tangu hapo Bi Ghania hakuandika neno kabla ya kupiga simu kwa wafiwa na kuuliza wanajua nini. Simu zile zilimchosha kuliko uzee.

Februari hii, Bi Ghania akiwa hainuki tena kitandani, alikufa Teresiah, mfanyakazi wa ndani huko Jumeirah Lakes Towers. Wenzake walitaka ukurasa siku hiyo hiyo. Niliuandika mimi, nimetoka kazini miguu inawaka moto, nikaenda kumsomea Bi Ghania.

"Kumbe unajua," alisema, macho kafumba. "Na mama yake kasemaje?"

"Sijampigia, Bi Ghania. Nimechoka."

"Mie sijachoka? Vaa viatu vile, umpigie."

Nilivivaa, nikapiga. Mama Teresiah alilia, kisha akasema bintiye alikuwa nesi, kijiji kizima kinajua.

"Sasa niandike uongo?" nilimuuliza Bi Ghania.

"Uongo wa nini? Si umesema alikesha na mtoto wa madam wake, homa ilipompanda? Andika hilo. Jina la kazi liache."

Nilifuta mstari wa kwanza, uliosema ni mfanyakazi wa ndani. Teresiah alisafirishwa Jumamosi na ukurasa ule. Bi Ghania tulikuwa tumeshamzika Alhamisi.

Jioni ile ya simu, nikiinama kuvivua viatu, nilimwambia vinanibana.

"Hata mie vinanibana, miaka yote hii," akasema. "Nenda navyo."