Chai Isiyoonjwa

Siku ile nyumbani Muhumba tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, na maman jirani aliyeleta viazi vyake kuvimenyea kwetu.

Kitabu tulichokuwa tukisomewa kilikuwa cha mdogo wangu, riwaya ya upelelezi ya Kiingereza iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Yeye anasomea uuguzi Katana. Mimi niliacha shule wazazi walipofariki, nikauza samaki wadogo wa ziwani, sambaza, ili wadogo wasome. Likizo nzima alitusomea, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili bila kusita. Zamani maman jirani alikuja kusikiliza hadithi zangu. Likizo ile, akiingia tu, alimwulizia mdogo wangu: "Mwalimu iko wapi?" Nami nilichochea moto kama sijasikia.

Katika kijiji cha kitabu, mjane tajiri alikufa baada ya kunywa chai mbele ya daktari wake na majirani. Zikiwa zimebaki kurasa chache, mdogo wangu akafunga kitabu, akaniuliza muuaji ni nani. Nikajibu upesi: daktari. Ndiye aliyemimina chai, na hakuionja. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina sumu.

Alicheka mpaka machozi, akaniita yaya, kama mkubwa anavyoitwa kwetu. "Yaya, kule hakuna mwenye kuonja. Ingekuwa hivyo, kijiji muzima wangefungwa."

Maman jirani akacheka naye, hata kitinda mimba niliyembeba mgongoni. Kukosea, kama nilikosea, hakukuniuma. Kiliniuma kicheko chao kuwa upande wake.

Bado akicheka, alinimiminia chai na kuniwekea mbele bila kuionja. Kisu cha maman jirani kikasimama kwenye kiazi. "Onja kwanza, mutoto," akamwambia, "hata kama ni yaya yako."

Uso wa mdogo wangu ulibadilika. Akanyoosha mkono, lakini nilikiwahi kikombe, nikanywa chote, moto vilevile.

"Chai ya mudogo wangu," nikasema, "mimi nakunywa tu."

Wote walikuwa wananitazama mimi, na nilipenda. Mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba mwisho atausoma kesho. Asubuhi, kabla hajausoma, gari la Katana likaondoka naye, na kitabu mkobani.

Akipiga simu hunitania: "Yaya, niko na deni yako." Namuuliza kama amekula. Nasikia wenzake wa darasani amekwisha kuwasomea mpaka mwisho. Mimi bado namdai ule mwisho, na sitamwomba.