Samli ya Ayeeyo

Harufu ya samli ikiyeyuka bado hunichefua.

Mama alirudi kutoka kupasuliwa akiwa na tundu tumboni, choo kikitokea hapo na kuingia kwenye mfuko wa kubandika. Mfuko ulivuja, ngozi ikababuka. Ayeeyo, mama yake, akaipaka samli ya mbuzi, dawa yetu ya kila kidonda. Mfuko ukateleza, ukavuja zaidi. Naye akaongeza samli.

"Mafuta hayatakiwi!" nesi wa Garissa alifoka tulipomrudisha mama hospitali. "Osha kwa maji tu, kausha, ndipo ubandike. Kwani hukuambiwa?"

"Aniambie nani?" mama akamjibu. "Mlinipa mfuko, mkasema enda."

Ayeeyo aliingiza mikono ndani ya shela yake. Mpaka tunamzika Ayeeyo, sikumwona tena akimgusa mwanawe.