Nilivyopita Msiba wa Watu Nikipiga Video

Niliondoka Shinyanga kwa majivuno, bora niseme mapema. Wenzangu kijiweni walikuwa wamechoka kusikia habari za baiskeli yangu, nami nikaapa kuwaletea video ya barabara nzima mpaka Geita. Shemeji aliniazima kamera ndogo. Nikaifunga kwenye usukani kwa vipande vya tyubu, chini nimeweka sponji isitikisike.

Mpaka Kagongwa mambo yalikwenda sawa. Niliongea na kamera njia nzima kama mtangazaji wa mpira. Nililala Kahama, na kulipokucha nikashika njia ya Ushirombo, kwa Baba Kulwa, rafiki wa kaka yangu. Tulikuwa tumezungumza kwa simu tu, hatujawahi kuonana.

Karibu na Ushirombo nilikuta watu wengi kando ya barabara, jeneza begani. Kwetu hata mtoto anajua: ukikutana na msiba unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unasimama. Sikushuka. Picha ilikuwa inakwenda vizuri, sikutaka kuiharibu. Mwanamume mmoja aliyetangulia alininyooshea mkono. Nikadhani ananisalimu, nikampigia kengele, nikapita.

Jioni Baba Kulwa alinikuta kwake nikinywa uji alionipa mkewe.

"Karibu mgeni. Tulikwenda kumzika jirani," akasema, akiitazama kamera. "Hebu nione ulichopiga."

Kwenye kioo alitokea yeye mwenyewe, mkono juu. Kisha kengele, na sauti yangu: "Jamani, watu wa huku wakarimu!"

"Hapo nilikuwa nakuomba ushuke," akasema taratibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi alinipeleka msibani. Mjane, Mama Kija, alikuwa mkekani na wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe wa kengele?"

"Ni mimi, mama. Nimekosa, nisamehe."

"Haya, yamepita. Umekula?"

Ningeona nafuu kama angenifukuza.

Geita sikufika. Niliifungua kamera nikaitia mfukoni, nikageuza. Ilinibidi kusafiri mbali ili nijifunze adabu niliyofundishwa utotoni, na hilo liliniuma njia nzima.

Kijiweni waliidai video yao, nikawapa yote. Walicheka sana utangazaji wangu. Jeneza lilipotokea walivua kofia mmoja mmoja.

"Hapa sasa ukashuka," mmoja akasema, akisubiri picha isimame.

Picha haikusimama.